Urea ya kufukia: ekari tatu, mikono miwili. Nyie mnafanyaje?

Mama Gunia (Mbozi):
Wakuu, salaam. Nimetoka mafunzo ya siku mbili ya matumizi ya mbolea na utunzaji wa mazingira, pale kijijini kwetu. Siku ya kwanza nilisinzia, nisiseme uongo: mbolea sahihi, kiasi sahihi, wakati sahihi, mahali sahihi, tukaimba kama chekechea. Ila jioni bwana shamba akachukua ndoo yenye udongo mbichi, akamwaga mbolea ya urea juu bila kufukia, akafunika, akaiacha ukutani penye jua. Kesho yake mchana akafunua, akatuita tunuse. Jamani! Choo cha stendi kabisa. Akasema, "Hiyo harufu ni hela yenu inapaa."

Miaka tisa mimi natupia tu pembeni ya shina na kusonga mbele. Tangu ruzuku ya mbolea ianze 2022 ndiyo nikazidisha kabisa. Na shamba limeteremkia kijitoni. Mvua ya Februari ikipiga, mbolea iliyobaki inakwenda na maji, huko chini mwani umekuwa zulia.

Sasa shida: kufukia shimo kwa shimo, vibarua wanataka malipo mara mbili. Baba watoto anacheka tu, anasema mafunzo hayalipi vibarua. Halafu udongo wangu umepimwa, pH 4.9, yaani mchachu, nikaambiwa niweke chokaa ya kilimo. Naweza kuichanganya na DAP, ile mbolea ya kupandia, wakati wa kupanda, niokoe safari moja?

Kijana wa Tunduma:
Choo cha stendi 😂😂 Mama umeniua. Mimi nafukia kwa kisigino, napita nikikanyaga. Mistari kumi tu kiuno kinaomba talaka.

Mstaafu wa ugani:
Mama Gunia, hongera kwa kunusa. Swali la chokaa kwanza: USICHANGANYE, iwe na DAP au na urea. Chokaa inaitoa ile harufu haraka zaidi, yaani unaharakisha hasara. Itawanye na kuichanganya na udongo mapema, angalau mwezi kabla ya kupanda. Kiasi usikisie, peleka udongo TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya. Chimba sehemu kumi na tano hivi kwa kwenda zigizaga, sentimita 20 kwenda chini, changanya kwenye ndoo ya plastiki, kausha kivulini, funga nusu kilo.

Kuhusu vibarua, mbona palizi ya pili unailipia tayari? Mahindi yakifika magotini na udongo una unyevu, mmoja atangulie anaweka urea, kiganja kimoja kutoka shina, wenye majembe wafuate nyuma. Jembe la palizi ndilo linalofukia. Kosa la wengi ni kupalilia Jumatatu, mbolea Ijumaa.

Shamba la Kitale:
Huku kwetu DAP mwaka baada ya mwaka imetuachia udongo mchachu, mahindi yanageuka zambarau hata ukiweka mbolea. Chokaa ilisaidia, lakini si msimu mmoja. Pia kama unachoma mabua, acha, dada.

Mstaafu wa ugani:
Na kule kijitoni, panda mabingobingo yazuie maji, ng'ombe nao wale. Ila ujue Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira zikae mita 60 kutoka ukingoni mwa mto.

Mama Gunia (Mbozi):
Mita 60 ikipimwa, nabaki na ekari mbili na kitu. Hilo sijamwambia baba watoto. La palizi nimemsomea, kanyamaza, kisha kauliza kipimo. Nikamwambia kizibo cha soda kwa shimo.

Mstaafu wa ugani:
Kizibo cha bati, gramu 5 hivi, ni cha DAP ya kupandia. Ukipanda sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ni mashimo kama 9,000 kwa ekari, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Cha plastiki ni kikubwa, kitakumalizia mfuko katikati ya shamba.

Mama Gunia (Mbozi):
Ndicho alichokuwa anatumia. Kaenda dukani kuokota vya bati.