Ripoti za SACCO: tubaki na Access au tuhamie PostgreSQL, MySQL, SQL Server?

Mhasibu_Mbale
Salaam wakuu. SACCO yetu ya wakulima wa kahawa inatumia Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft. Kila mwisho wa mwezi kamati inataka karatasi mkononi: akiba na mkopo wa kila mwanachama, jumla ya kila tawi (Budadiri, Bududa, Mbale mjini), kisha jumla kuu. Makarani wameongezeka, na wakiingia pamoja faili inagoma. Nihamie wapi?

Kodi_Kampala
Ujue kwanza kwamba PostgreSQL na MySQL ni hifadhidata za seva, hazichori ripoti. Zinakupa majibu ya kwiri (maswali unayoiuliza hifadhidata), basi. Nembo, kichwa cha ukurasa na namba za kurasa utavitafuta kwingine. SQL Server hadi toleo la 2022 ina Reporting Services (kuanzia toleo la 2025 nafasi yake imechukuliwa na Power BI Report Server), nzuri sana, ila inasakinishwa peke yake na inataka mtu wa kuilea. Mnaye?

Mhasibu_Mbale
Tuna kijana mmoja, naye ndiye anayetengeneza printa.

Jinja_Huria
Basi chukua PostgreSQL na LibreOffice Base, hulipi leseni hata shilingi. Base ina kitengeneza ripoti chake.

Kodi_Kampala
Inacho, ndugu, lakini umewahi kukipa ripoti ya kurasa nyingi zenye makundi ndani ya makundi? Kwa kupanga ukurasa Access bado iko mbele. Unaiambia isikate tawi katikati ya kurasa mbili, inatii.

Dada_Arua
Jamani, mbona mnamhamisha nyumba nzima wakati kinachovuja ni paa? Kinachogoma ni faili, ripoti zake ziko sawa. Kaka, peleka majedwali kwenye PostgreSQL, uyaunganishe na Access kwa ODBC (daraja kati ya programu na hifadhidata). Makarani wanaandika kwenye seva, wewe unachapa ripoti zilezile ulizozizoea. Na ukomo wa GB 2 wa faili ya Access hautakusumbua tena.

Ila hesabu nzito zifanyie kwenye seva, ndani ya view (kwiri iliyohifadhiwa hukohuko). Access ikiivuta data yote kwanza ndipo ijumlishe, utasubiri mpaka chai ipoe.

Mhasibu_Mbale
Asante dada. Nimejaribu ROLLUP (amri inayoongeza mistari ya jumla) kwenye data ya mfano. Jumla zinatoka, lakini kuna mistari isiyo na jina la tawi. Mwenyekiti ataniuliza hizo pesa ni za nani!

Dada_Arua
Hiyo ndiyo mistari ya jumla. ROLLUP huweka NULL, yaani pengo, mahali pa jina. Usiibadilishe kwa COALESCE (inayojaza neno penye NULL) tu, maana mwanachama ambaye tawi lake halikujazwa naye ataitwa "Jumla". Tumia GROUPING(tawi): ikirudisha 1 ni jumla ya matawi yote, ikirudisha 0 ni mstari wa tawi lenyewe, hata kama jina halikujazwa.

Jinja_Huria
MySQL nayo ina GROUPING kuanzia 8.0, msiionee. Matoleo ya zamani ndiyo hayana.

Kodi_Kampala
Sawa, lakini ukiunganisha na ripoti ya Access, huna haja ya ROLLUP kabisa. Ipe ripoti view yenye mistari ya wanachama tu, jumla ziwekwe kwenye kijachini cha kundi (group footer). La sivyo kila tawi litahesabiwa mara mbili.