Mfereji wa kuchepusha Mto Bubu: tuhoji nini?

Habari zenu wanajukwaa. Sisi wakulima wa mpunga wa Bahi, mkoani Dodoma, tunategemea Mto Bubu, ambao hufurika wakati wa mvua na kukauka kiangazi. Iwapo utapendekezwa mfereji mkubwa wa kuchepusha maji hayo hadi mashamba ya mbali, tuhoji jambo gani kwanza?

Jibu la 1: Hojini bwawa, ndugu. Banio (ukuta mfupi unaojengwa kukatiza mto) huinua kina ili maji yaingie mferejini, lakini halihifadhi maji ya msimu. Mvua ya Dodoma, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha kati ya Desemba na Aprili; bila bwawa, mwezi Agosti mfereji utakuwa mkavu.

Jibu la 2: Naongeza hoja ya mchanga wa mto. Lango la kuusafisha lisipowekwa kando ya banio, mtazibua mfereji kwa majembe kila msimu (na mkulima wa mwisho wa mfereji ndiye huchimba sana na kupata maji kidogo).

Jibu la 3: Mimi nahofia chumvi zaidi. Bonde la Bahi halina njia ya kupeleka maji baharini, hivyo jua huyakausha na kuacha chumvi juu ya udongo. Mkioneshwa ramani, tafuteni mitaro ya kutolea maji shambani, kwa kuwa fedha zikipungua ndiyo huondolewa mapema kwenye mpango.