Mliopanda meli kufuata nyayo za Paulo na Yohana pande za Mediterania, tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wakuu, nimerudi wiki ya tatu sasa na magoti bado yanakumbuka ngazi. Uzi huu ni wa waliokwenda kwa kundi, si wale wa kujitegemea. Safari ya kundi ina raha na karaha zake, na anayezijua ni aliyewahi kukaa kwenye basi na watu thelathini na saba wakimsubiri wa thelathini na nane atoke msalani.

Naanza na langu. Tulipandia Piraeus, bandari ya Athens, mwezi wa Agosti. Kosa la kwanza ni hiyo Agosti. Joto linavumilika, tatizo ni meltemi, upepo wa kaskazini unaotawala bahari ya Aegean Julai na Agosti. Unakudanganya, maana unavuma mchana kweupe, mbingu haina hata wingu. Dirishani unaona siku nzuri. Ukitoka sitahani kofia inakwenda zake.

Siku ya Patmo ikafika, kile kisiwa cha Ugiriki ambako Yohana aliona maono ya Ufunuo. Meli kubwa haifungi gati pale Skala, bandari ya kisiwa, inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa boti ndogo. Boti ya kwanza ikateremshwa, tukaiona inavyogongagonga ubavu wa meli, dakika kumi tu ikapandishwa tena. Tangazo likatoka: hatushuki.

Ile monasteri ya Yohana iliyoanzishwa mwaka 1088 na mtawa Christodoulos tuliitazama kwa mbali, kijivu juu ya kilima kama ngome, nyumba nyeupe za mji wa Chora zimeizunguka. Pango lenyewe, wanaposema Yohana alipata maono, hata hatukulijua liko mteremko upi. Kuna mama mmoja kundini alikuwa amejiandikisha kwa ajili ya Patmo tu, mengine yote kwake yalikuwa nyongeza. Alishika chuma cha ukingo wa sitaha, hakusema neno. Mchungaji akafungua Ufunuo sura ya kwanza akasoma, upepo ukawa unachukua nusu ya maneno. Tulipata "kisiwa" na "baragumu", basi. Halafu meli ikageuka.

Mjue tu kwamba mkataba unampa nahodha haki ya kuruka bandari. Tulichorudishiwa ni ushuru wa bandari, hela ndogo.

Haya, semeni. Wapi palikugusa, na ulikosea wapi?

mpenda_ramani

Pole sana mkuu. Sisi tulikwenda Mei, Patmo tulishuka, nitaeleza chini. Ila mimi wangu ni Efeso, magofu ya mji wa kale huko Uturuki.

Meli inafunga Kuşadası, basi ni mwendo mfupi hadi magofuni. Waongozaji wenye akili wanawaingiza kwa lango la juu na kuwatolea la chini, maana barabara yote ni mteremko. Imetandikwa marumaru iliyolainishwa na miguu ya karne na karne. Usivae kiatu chenye soli ngumu. Paka wamejaa kila mahali, wamelala juu ya nguzo zilizoanguka kana kwamba hati ya kiwanja wanayo wao.

Kila mtu anapiga picha kwenye maktaba ya Celsus, na sikosi kumsikia mtu akisema Paulo alisoma humo. Hapana jamani. Maktaba ile ni ya mwanzoni mwa karne ya pili, Paulo alishaondoka duniani. Alichokifahamu yeye ni ule ukumbi wa michezo, japo nao uliendelea kupanuliwa baada yake. Unakadiriwa kuchukua watu kama 24,000. Tulikaa safu za chini, mmoja wetu akasimama katikati akasoma Matendo 19, zile ghasia za Demetrio mfua fedha, umati ukipiga kelele za kumsifu mungu wa kike Artemi kwa muda wa saa mbili. Msomaji hakupaza sauti, na wa safu za juu walimsikia. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya saa mbili za kelele mahali pale.

Mbele ya ukumbi kuna barabara pana iliyokuwa ikienda bandarini. Sasa inaishia kwenye majani na matope. Mto umejaza ghuba tope, bahari imerudi nyuma kilomita kadhaa, na mji ulikufa kwa kukosa meli. Hekalu la Artemi, lililohesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia, limebaki na nguzo moja ya kuungaunga penye maji yaliyotuama, na juu ya nguzo korongo amejenga kiota.

Lakini Demetrio hajafunga duka! Ukitoka lango la chini unakutana na vibanda vinavyouza visanamu vya Artemi, vikubwa kwa vidogo, bei ya kwanza uigawe kwa tatu.

Patmo: pangoni ni padogo kuliko unavyodhani, kanisa limejengwa likalikumbatia. Wanakuonyesha ufa wa mwamba uliogawanyika mara tatu, na shimo lililozungushiwa fedha wanaposema Yohana alilaza kichwa. Kundi letu lilipewa muda mfupi, nyuma kundi jingine linasukuma. Kwa hiyo, mtoa mada, hukukosa saa nzima ya kutafakari. Hakuna anayeipata.

shuka_la_buluu

Mimi meli sikuipanda kabisa, lakini nina hadithi ya uzi huu.

Viza yangu ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ilikuwa ya kuingia mara moja. Wakala aliyetuandalia hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Ratiba ilikuwa Ugiriki, kisha Uturuki, kisha kurudi Ugiriki. Uturuki haimo Schengen, kwa hiyo ukikanyaga Kuşadası umeshatoka, na kurudi ni kuingia mara ya pili. Pale dawati la kupandia meli binti alifungua pasi yangu, akaangalia ule mstari wa idadi ya kuingia, akaangalia ratiba, akamwita mkubwa wake. Wenzangu wakapanda. Nikabaki na sanduku langu gatini Piraeus, nalia kama mtoto.

Usiku ule nilitafuta chumba Athens. Asubuhi nikasema sitakaa kitandani kuhesabu hasara. Nikapanda treni ya kwenda Korintho, kisha teksi hadi kijiji cha magofu. Njiani unavuka ule mfereji uliokamilishwa 1893, kilomita sita na ushei, kuta zake zimesimama wima kama zimekatwa kwa kisu.

Ndugu zangu, Korintho mchana wa siku ya kazi hakuna mtu. Nguzo saba za hekalu la Apolo, nyuma yake ule mlima wa Akrokorintho, na katikati ya soko la kale jukwaa la mawe, bema, ndilo linalotajwa kuwa kiti cha hukumu ambapo Galio, liwali wa Kirumi, alikataa kusikiliza mashtaka dhidi ya Paulo. Kuna maandishi yaliyopatikana Delphi yanayomtaja huyo Galio, na kwa hayo wataalamu wanaweka uliwali wake kama mwaka 51 au 52. Nilikaa chini kwenye jiwe nikasoma barua zote mbili kwa Wakorintho, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila mtu kuniambia "dakika tano zimebaki".

Nje kidogo, karibu na ukumbi wa michezo, kuna sakafu ya mawe yenye jina la Erasto limechongwa kwa herufi kubwa, kwamba yeye ndiye aliyegharamia sakafu hiyo. Kama ndiye Erasto yule wa Warumi 16, wasomi bado wanavutana. Nikaingiza kidole kwenye herufi moja, kikazama.

Wenzangu walirudi na picha mia nane. Mimi nina kama kumi na mbili. Ila someni viza zenu, na bima nayo, Schengen wanataka ya euro 30,000 kwenda juu.

mzee_wa_nyuma

Areopago, ule mwamba wa Athens unaokumbukwa kwa hotuba ya Paulo. Mwamba wenyewe unateleza kama sabuni, hata siku kavu. Kuna ngazi za chuma pembeni, mimi kiburi changu kikanipeleka kwenye zile za kuchonga. Nilishuka kwa makalio mbele ya kundi zima. Mchungaji akasema Paulo naye alichekwa hapa hapa. Sikuona cha kuchekesha.

asiyependa_foleni

Naomba nipingane kidogo na hizi sifa. Sisi "Roma kwa siku moja" ilikuwa mateso. Meli inafunga Civitavecchia, kilomita 70 hivi kutoka jijini. Kwenda na kurudi na foleni za barabarani, nusu ya siku imeliwa na basi. Mwenzenu nimeiona Roma kupitia mgongo wa mwongozaji na kile kibendera chake.

Nafuu niliyopata ni San Clemente, kwa sababu kundi lilikwenda kula nami nikatoroka na wawili. Unaingia kanisa la karne ya 12. Unashuka ngazi, uko ndani ya kanisa la karne ya nne. Unashuka tena, uko kwenye nyumba za Warumi na chumba cha waabudu wa mungu Mithra, na mahali fulani nyuma ya ukuta maji yanakwenda, unayasikia huyaoni. Tulisimama kimya. Kisha simu ikaita, basi linaondoka.

Mkitoroka hakikisheni saa. Meli inasubiri matembezi iliyoyaandaa yenyewe. Ukiwa na teksi yako ukachelewa, utaipungia mkono.

dada_wa_kwaya

Kundi letu lilikuwa mchanganyiko, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, basi juu ya Efeso kwenye nyumba ya Bikira Maria pakawaka moto. Nyumba ilitambuliwa mwaka 1891 kwa kufuata maono ya mtawa wa Kijerumani ambaye hakuwahi kufika huko. Wengine wakasema huo si ushahidi. Wengine wakajibu mbona mapapa watatu wamefika, 1967, 1979 na 2006. Mabishano ya basi zima. Tuliponyamaza ni pale nje, tulipowaona kina mama wa Kiislamu wamepanga foleni pamoja nasi, nao wamekuja kwa heshima ya Mariamu, wakifunga vikaratasi vya maombi ukutani.

Malta nayo msiiache. Ndiyo ile Melita ya Matendo 28, meli iliyovunjika na watu 276 wote wakafika nchi kavu. Mji wa Rabat una katakombe, makaburi ya chini ya ardhi, na mle chini utaona meza za duara zimechongwa humo humo mwambani, inaelezwa ndugu wa marehemu walikula pamoja pembezoni mwa makaburi. Ukingo wa meza una pengo dogo mbele. Mwongozaji alisema pengine ni la kusafishia meza. Sijui kwa nini hilo pengo ndilo ninalolikumbuka kuliko makanisa yote ya dhahabu.

Wanaolewa bahari, chukueni chumba cha chini katikati ya meli, na dawa mmeze kabla, siyo wakati mmeshashika ndoo.

mgeni_humu

Naomba kuuliza. Nataka kumpeleka mama, ana miaka 74 na goti moja bovu. Ataweza?

Mtoa mada

Ataweza, ila mchague bandari chache. Efeso mpatie fimbo na mwongozaji anayejua kungoja. Pangoni Patmo na monasteri kuna ngazi nyingi, muulize wakala kabla, akikujibu "hakuna shida" bila kukuuliza kuhusu goti, tafuta mwingine.

Kwake yeye ningetafuta ratiba inayofika Kavala, ile Neapoli ya Matendo 16, maana Filipi iko karibu. Kutoka Thesalonike ni basi la saa mbili, zito kwa goti. Magofu ni makubwa, mruke mengi. Mpeleke mtoni, wanapokumbuka ubatizo wa Lidia. Kijito ni kidogo, maji hayafiki hata magotini, wamejenga viti vya mawe pande zote mbili na miti imetoa kivuli.

Yule mama wa kundi letu aliyekosa Patmo alivua viatu pale, akatumbukiza miguu. Tulimwita mara mbili basi linaondoka. Mara ya tatu dereva mwenyewe akazima injini.