Naomba ushauri: goti la mama halikunji vizuri

Wakuu, shikamooni na habari za leo. Mama yangu (61) alivunjika paja, akawekewa chuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpima kwa goniometa (kifaa cha kupima pembe ya kiungo): goti linakunja nyuzi 85 tu, wakati goti zima hufika kama 135. Msuli wa mbele wa paja umesinyaa. Akinyanyua mguu mara sita unatetemeka, hoi.

Nyumbani nampima kwa kipimapembe cha shule. Asubuhi napata 85, baada ya mazoezi 92. Nishike kipimo kipi? Na msuli ukianza kutetemeka, apumzike au amalizie mara kumi? Anatamani sana kusujudu tena, naumia nikimwona anasali kitini. Waliopitia haya, nisaidieni.