Tupeane uzoefu: tukio limesahaulika, uchungu umebaki

Mleta mada: Wadau, poleni na majukumu. Mama ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, huu mwaka wa nne. Mwanzoni akimuulizia baba nilikuwa namkumbusha, "Mama, baba alishafariki." Kila nikisema, kwake ni msiba mpya. Anajifunika uso kwa kanga, anakaa chini palepale. Robo saa baadaye hajui nimemwambia nini, lakini mikono bado inamtetemeka na hataki mtu amsogelee. Nilimfisha mumewe mara nyingi sana kabla sijajirekebisha. Siku hizi namwambia, "Hebu nisimulie habari zake," naye husimulia huku anatabasamu. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mchangiaji: Pole sana dada. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye walikumbuka kidogo mno walichokiona, lakini hisia zenyewe zilidumu hata dakika 30. Kwetu mzee aliingiwa na sabuni machoni asubuhi wakati dada anamwosha. Hadi mchana alikuwa hajui kama aliogeshwa, ila dada akiingia tu chumbani, mzee anageukia ukutani.

Mchangiaji: Bibi yangu kila jioni anadai kurudi kwao. Nilikuwa nabishana naye. Sasa namuuliza kwao palikuwaje, anatulia.

Mchangiaji: Kwangu ni kinyume, na sijawahi kuliandika hili popote. Ugonjwa wa mume wangu ulianzia sehemu ya mbele ya ubongo. Kumbukumbu anazo, hisia ndiyo hana. Anaweza kumsimulia mgeni kifo cha mtoto wetu wa kwanza, tarehe, saa, hata rangi ya shuka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Nilimchukia karibu mwaka mzima, nikijua ni roho mbaya, mpaka daktari aliponifafanulia kuwa ni ugonjwa.

Mleta mada: Mama, pole sana. Mimi nilikuwa nalalamika wangu analia mno, sikuwahi kuwaza kuna asiyelia kabisa. Akishamaliza kusimulia, wewe unafanyaje?

Mchangiaji: Namshika mkono. Huwa ananiuliza nalia nini.