Mjadala: Je, mwaka mmoja wa utumishi wa vijana unaifaa bahari?

Mtoa mada

Hoja ninayoiweka mezani ni hii: serikali na mashirika yanayoendesha utumishi wa vijana yaendelee kuwapangia vijana vituo vya kuhifadhi bahari, mito na maziwa, lakini yaache kuwapa kazi ya kupanda na kujenga, na badala yake yawape kazi ya kupima, kuhesabu na kutunza. Najua kauli hiyo itawaudhi wengi, kwa kuwa picha inayopendwa kuliko zote katika taarifa za mashirika haya ni ya vijana waliozama kwenye tope hadi magotini, kila mmoja na mche wake wa mkoko mkononi.

Utumishi wa aina hii si jambo geni. Marekani ilianzisha kikosi cha vijana cha uhifadhi mwaka 1933, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na hadi kilipovunjwa mwaka 1942 takriban vijana milioni 3 walikuwa wamekipitia, ingawa kazi yao kubwa ilikuwa ya nchi kavu. Baadaye nchi hiyo hiyo ilianzisha kikosi cha utumishi kiitwacho AmeriCorps NCCC, kilichochukua vijana wa miaka 18 hadi 26 kwa takriban miezi 10. Ujerumani ina mwaka wa hiari wa mazingira, uliotungiwa sheria yake mwaka 1993, na Ufaransa imekuwa na utumishi wa kiraia tangu 2010, wa miezi 6 hadi 12. Ukiutazama muda huo utaona kwamba haukupangwa kwa kufuata maisha ya kiumbe chochote cha majini. Umepangwa kwa kufuata pengo lililopo kati ya shule na chuo, au kati ya chuo na ajira. Kasa anayeanguliwa leo atarudi ufukweni kutaga baada ya miaka 20 au zaidi. Mche wa mkoko huweza kuonekana mzima kwa miezi kadhaa kwa sababu unaishi kwa akiba iliyomo ndani ya mbegu yake ndefu, kisha ukafa wakati aliyeupanda ameshapewa cheti na kurudi kwao.

Mfano wa Sri Lanka unatosha kututia shaka. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 ulizuka moyo mkubwa wa kupanda mikoko katika pwani ya kisiwa hicho, na fedha hazikukosekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikagua maeneo 23 yaliyopandwa, na katika maeneo 9 kati ya hayo hakukutwa mche hata mmoja uliosalia. Sababu zilizotajwa hazikuwa za ajabu: miche ilipandwa mahali isipoweza kuishi, ng'ombe waliikanyaga na kuila, na baada ya sherehe ya kupanda hakuna aliyebaki kuitunza. Tena mara nyingi hupandwa mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu, kwa kuwa mbegu yake huokotwa kwa urahisi na kuchomekwa tu kwenye tope, hata pale ambapo mti wa asili wa ukingo wa mbele ungekuwa mchu au mlilana. Mbaya zaidi ni pale unapochomekwa juu ya nyasi bahari, ambazo nazo ni makazi yanayohitaji kuhifadhiwa, ukayaharibu hayo kwa jina la uhifadhi.

Kwa upande wa kujenga, sina mfano unaouma kuliko miamba ya matairi iliyo mbele ya Fort Lauderdale, Florida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa kujitolea, wengi wakiwa na mashua zao wenyewe, walisaidia kuzamisha matairi yanayokadiriwa kufikia milioni 2, yakiwa yamefungwa mafungu mafungu, kwa matumaini kwamba matumbawe yangeota juu yake na samaki wakapata makao. Vifungo vilikatika, matairi yakatawanywa na dhoruba, na yakaenda kugonga miamba hai iliyokuwa jirani. Kuanzia mwaka 2007 wapigambizi wa jeshi walitumwa kuyatoa, na kazi hiyo imewashinda watu kuimaliza kwa miaka mingi. Nia njema haikukosekana hata siku moja katika mradi ule.

Sasa linganisheni na vijana wanaopangiwa vituo kwenye Bahari ya Wadden, eneo la maji mafupi kwenye pwani ya Uholanzi, Ujerumani na Denmark, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Miongoni mwa kazi zao ni kuhesabu ndege wakati wa bamvua, takriban kila baada ya wiki mbili, maji yanapojaa hadi juu na kuwalazimisha ndege kukusanyika mahali pachache ambapo huweza kuhesabika. Kijana huondoka mwisho wa mwaka, mwingine huja, eneo ni lile lile, ratiba ni ile ile, na takwimu zinaendelea bila kukatika. Hapo mwaka mmoja haupotei, kwa sababu unaingia katika mfululizo ulioanza kabla ya kijana huyo na utakaoendelea baada yake.

Mchangiaji wa kwanza

Namshukuru mtoa mada kwa mifano yake, lakini naona amekwepa swali lililo kubwa kuliko yote: ikiwa kazi ya kuhesabu na kutunza haina mwisho, kwa nini isiwe ajira? Chukueni ukaguzi wa mashua katika maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Kome wadogo wenye gamba la mistari, wenye asili ya eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, waligunduliwa katika Maziwa Makuu mwaka 1988, na tangu hapo wamekuwa wakisambazwa kwa mashua kutoka ziwa moja hadi jingine. Mabuu yao hayaonekani kwa macho, kwa hiyo kinga iliyopo ni kusafisha mashua, kumwaga maji yote yaliyobaki ndani yake na kuiacha ikauke kabla ya kuiingiza ziwa jingine. Kazi hiyo itahitajika kila msimu maadamu mashua zinahamishwa. Mahali inapoachiwa vijana wa utumishi, kila msimu hufunzwa kundi jipya, na linapoanza kujua mahali maji yanapojificha ndani ya injini, mkataba wake unakwisha.

Mimi naliita jambo hilo kwa jina lake: kazi ya kudumu inayolipwa kwa posho. Na anayenyimwa nafasi si mtu wa mbali. Ni mvuvi anayeujua mwamba huo tangu utotoni na anayeweza kukuonyesha makundi ya changu yalipo kwa kuangalia rangi ya maji tu, na ni mama anayetafuta pweza maji yakipwa na anayejua shimo lipi lina mnyama na lipi ni tupu. Fedha zinazotumika kumsafirisha kijana, kumpa malazi, bima na sare, zingeweza kumlipa mtu huyo mshahara wa mwaka mzima, na mwaka wa pili angekuwa yupo pale pale. Mtoa mada anasema kazi iwe na mfululizo; basi mfululizo ulio imara kuliko wote ni mtu asiyeondoka.

Mchangiaji wa pili

Nimewahi kuwa katika utumishi wa aina hii, na naandika kutetea kazi ya mikono ambayo mtoa mada anataka kuifuta. Kilichoshindwa Sri Lanka ni kupanda pasipo kuyasoma maji. Njia ambayo wataalamu wa mikoko wameipigia debe kwa miongo kadhaa ni kuanza kwa kuuliza kwa nini mikoko haioti yenyewe mahali hapo, na jibu mara nyingi ni kwamba maji yamezuiwa na barabara, na tuta la bwawa la kufugia kamba lililotelekezwa, au na udongo uliorundikwa. Ukifungua njia ya maji, mbegu huja zenyewe na bamvua, na kila aina hujichagulia mahali pake, mlilana mbele, mkandaa nyuma. Kufungua njia hiyo ni kazi ya sepetu na karai. Ni kazi ya jasho, ina mwanzo na mwisho, na kundi la vijana kumi na wawili wenye msimamizi anayejua kupima mwinuko wa ardhi huweza kuitimiza ndani ya muda wao. Mtoa mada ameitia kapu moja na kuchomeka mbegu, na hapo sikubaliani naye.

Hata kupanda kwenyewe kusihukumiwe kwa jumla. Huko Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, na upandaji ni sehemu ya kazi yake. Tofauti ni kwamba kamati ya wanakijiji ndiyo inayosimamia, na mapato huenda kwenye maji na shule za vijiji vyao.

Kisha niseme neno kuhusu kuhesabu, kwa kuwa limesifiwa mno hapa. Nilipewa fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 na tepu ya mita 50. Kila baada ya mita 5 unailaza fremu juu ya nyasi bahari, unakadiria ni asilimia ngapi ya mchanga imefunikwa, unaandika aina za nyasi, unapima urefu wa majani, unasonga. Tepu tatu, fremu 33, na yote yakamilike kabla maji hayajarudi. Utaratibu huo ni mzuri, unatumika tangu 1998 ulipoanzia Queensland, Australia. Lakini kituo nilichokuwapo hakikuwa kikituma karatasi zetu popote. Zilipangwa kwenye faili na faili likawekwa kabatini. Kama mche unaokufa ni upotevu, basi namba isiyosomwa na mtu ni upotevu ule ule, isipokuwa kwamba haionekani ikikauka.

Mchangiaji wa tatu

Nitakuwa mfupi. Mnajadili kazi ipi wapewe bila kuuliza ni nani anayeingia. Vituo vingi vya baharini huomba mtu anayejua kuogelea, na vilivyo bora zaidi huomba cheti cha kupiga mbizi, ambacho hupatikana kwa fedha nyingi. Kijana asiye na uwezo hutolewa kwenye mchujo kabla hajahojiwa, kisha tunaambiwa kwamba utumishi huu ni wa vijana wote. Mafunzo ya kuogelea yawe sehemu ya mwezi wa kwanza, yalipiwe na mpango wenyewe. Pili, maji baridi yana hatari zake ambazo taarifa za mashirika haya hazizitaji: katika nchi zenye kichocho, kumweka kijana ndani ya maji yenye konokono kwa miezi kadhaa bila viatu virefu vya mpira na bila kumpima mwishoni ni uzembe, hata kama kazi yenyewe ni kung'oa magugu maji kwa manufaa ya wote.

Mtoa mada

Nimesoma michango yote, na nitajibu kwa uzito usio sawa kwa kuwa hoja zenyewe hazina uzito sawa.

Kuhusu kuogelea na kichocho sina la kupinga. Hayo yawe masharti ya kupokea kijana, na kituo kisichoyatimiza kisipangiwe mtu.

Kuhusu sepetu, naikubali tofauti iliyoonyeshwa. Kufungua njia ya maji kunaweza kukaguliwa ndani ya miezi michache: ama maji yanaingia na kutoka, ama hayaingii. Kijana haachi nyuma ahadi inayomtegemea yeye. Kwa kipimo hicho hicho bado naukataa upandaji wa kuchomeka, hata Gazi ikitajwa, kwa sababu kinachoushikilia upandaji wa Gazi ni kamati ya kijiji, na kamati hiyo ingekuwapo hata asingepangiwa huko kijana yeyote wa utumishi.

Namba zilizofungiwa kabatini ni aibu, lakini ni aibu ya kituo. Dawa yake ni rahisi kuiandika katika mkataba: kabla ya kupangiwa kijana, kituo kionyeshe takwimu za mwaka uliopita zilikopelekwa na nani alizitumia. Mgeni pia anaweza kuaminiwa na kipimo kilicho rahisi. Sahani nyeupe aliyoibuni mwanaastronomia wa Italia Angelo Secchi mwaka 1865, ambayo huteremshwa majini kwa kamba hadi isionekane tena ili kupima uangavu wa maji, bado inatumika katika maziwa na bahari, na mtu hujifunza kuitumia kabla ya saa sita mchana. Akipima yeye na mwenzake kila mmoja kwa wakati wake, na vipimo vikitofautiana sana, wanarudia.

Hoja ya ajira ndiyo nzito, na siwezi kuiondoa kwa kusema kwamba kijana hujifunza. Anajifunza, lakini mvuvi naye ana watoto wa kulisha. Ninachokitetea ni mpangilio wa namna hii: kazi ya kudumu iwe na mwajiriwa wa kudumu, aliyetoka mahali hapo na anayelipwa mshahara, na kijana apangwe chini yake kama mkono wa pili, hasa katika misimu ambayo mtu mmoja hatoshi, kama vile kasa wanapotaga na mayai yanapolindwa kwa takriban miezi miwili usiku na mchana, au siku za bamvua ambapo maeneo kumi yanapaswa kuhesabiwa kwa saa ile ile. Kituo kisichoweza kumtaja mwajiriwa huyo kwa cheo na kwa muda wa mkataba wake kinatafuta kibarua wa bei nafuu, na kinyimwe. Mchangiaji wa kwanza atasema kwamba kwa masharti haya vituo vingi vitafungwa. Nadhani ni kweli, na ningependa atueleze kama fedha zitakazobaki anaamini zitaelekezwa kwenye mishahara ya wavuvi, au zitarudi tu katika hazina ya serikali.