Tupeane uzoefu: ulienda kwenye maonyesho ya kompyuta, ukarudi na nini?

Fundi wa Birere (Goma)

Wakubwa, habari za leo. Kazini kwetu imepatikana pesa ya kumtuma mtu mmoja kwenye mkutano wa teknolojia mwakani. Patron, yaani bosi, kanitazama mimi. Ila anataka kwanza karatasi moja, nimwambie ni mkutano gani na tutapata nini. Karatasi hiyo inanitoa jasho tangu Jumatatu.

Mimi nimeenda mara moja tu: MWC Kigali, maonyesho ya simu na mitandao, mwezi wa kumi 2023, pale Kigali Convention Centre. Kwetu ni jirani, hata saa ya mkononi hubadilishi. Unavuka mpaka wa Petite Barrière kwa miguu, unapanda basi Gisenyi, unavumilia kona za milimani masaa matatu na zaidi. Nilienda na hamu ya 5G. Nilichokuta ni kwamba kila banda, kabla ya "karibu", wanaipiga baji yako kwa simu, piii. Nikadhani ni heshima. Kumbe baji imebeba anwani ya ofisi, na matangazo yalitufuata hadi Pasaka.

Kitu cha maana nilikipata kwenye foleni ya kahawa. Nilikuwa nalalamika kwa jamaa mmoja wa mitandao kwamba nikituma faili kutoka ofisini kwetu kwenda kwa mteja wa ng'ambo ya barabara, nikifuatilia njia kwa traceroute (programu ya kuonyesha njia) naona pakiti, vile vipande vya data, zinapanda hadi Ulaya, ndipo zirudi Goma. Akaniuliza: "Na GOMIX yenu je?" Nikatoa macho. Akanieleza kwamba Kongo tuna vituo ambako watoa intaneti wanaunganisha mitandao yao palepale mjini: KINIX Kinshasa, LUBIX Lubumbashi, GOMIX Goma. Kama mtoa huduma wako na wa mteja wako wote wameunganishwa hapo, pakiti haina sababu ya kupanda ndege. Yaani nilivuka mpaka kwenda kuambiwa habari za mtaa wangu.

Sasa hilo nitaliandikaje kwenye karatasi ya patron? Waliokwenda mbali zaidi, semeni. Mlirudi na nini?

Kalamu 17 (Bukavu)

Jina langu linajibu. Kalamu kumi na saba, mifuko ya kitambaa minne, na tisheti ya XXL ambayo leo mama watoto anapigia deki.

Na aibu moja. Semina ya kwanza ya kimataifa, siku ya mwisho, jioni. Wenzangu wanaagana, mimi nimebaki karibu na mlango nimeshika kalamu (mojawapo ya zile). Binti wa mapokezi akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia nasubiri karatasi ya kusainia transport. Hakuelewa. Nikamweleza vizuri, kwa utaratibu, kwamba mtu akihudhuria siku tatu, kwetu anasaini, anapewa bahasha. Akaniambia: "Kaka, hapa watu ndio wamelipa ili waingie."

Mama Azerti (Lubumbashi)

Mimi si injinia, ni muuzaji. Lakini kompyuta zimenisomeshea watoto, kwa hiyo mniruhusu niketi nanyi.

Mwaka 2019, mwezi wa kumi, nilikwenda GITEX, Dubai World Trade Centre. Lubumbashi, Addis Ababa, Dubai. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: watengenezaji wote wako chini ya paa moja, nitanunua kwao moja kwa moja na yule wa katikati nitamruka. Banda la kwanza, kijana wa tai nyembamba ananionyesha mashine nyepesi kama sahani. Bei gani? Anatabasamu. Kwanza niseme nataka ngapi, maana chini ya mia tano haandiki oda. Mimi nilikuwa na pesa ya arobaini, tena nimeifunga kiunoni. Nikazunguka kumbi mpaka miguu ikavimba, kila mahali ni mia tatu, mia tano, elfu. Maonyesho ni kuonyesha. Jina linajisema, ni mimi ambaye sikulisikia.

Siku ya pili niliacha baji hotelini nikaenda Bur Dubai, barabara ya Khalid Bin Al Waleed, ambako maduka ya kompyuta yamebanana kama vibanda vya soko la Kenya, komini ya kwetu Lubumbashi. Hapo Al Ain Centre na majengo ya jirani unanunua hata moja. Nikachagua arobaini zilizotumika. Nilizifungua zote. Nilitazama skrini nyeupe nikitafuta doa, nikatikisa bawaba, nikaacha betri iende dakika ishirini bila umeme. Nilikagua kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa chini ya vidole vyangu.

Nimefika nyumbani, mteja wa kwanza ni sekretere, mama mwenye kuandika bila kutazama, vidole kama mvua. Nikamwambia jaribu. Akaandika anwani yake, Kamalondo. Kwenye skrini ikatoka *Kq;qlondo*.

Akaangalia chini. Klavye ya Kiingereza, na pembeni ya kila herufi kuna ya Kiarabu. Sisi huku tumefundishwa AZERTY, mpangilio wa herufi wa Wabelgiji na Wafaransa: pale penye A yetu wao wana Q, na M yetu wao wameweka nukta-mkato. Mtanambia ni jambo la kubadilisha kwenye mipangilio, na kweli, dakika moja unaweka Kifaransa. Lakini hapo anasaidika yule asiyetazama. Anayetazama, ambao ndio wengi, anabonyeza Q inatoka A, anadhani nimemuuzia mashine yenye pepo.

Nikanunua vibandiko vya herufi. Jumapili nzima, mimi na watoto na kibano cha nyusi, tukabandika. Baada ya miezi mitatu A na E zilianza kubanduka kwa jasho, wateja wakarudi. Juu ya hayo, chaja zote zilikuwa za meno matatu bapa, kama za Uingereza, na prizi zetu ni matundu mawili ya duara. Adapta arobaini! Faida ya mashine sita iliishia kwenye vibandiko na adapta.

Lakini sitaitupia GITEX mawe. Pale ukumbini muuzaji mmoja, alipoona sina pesa ya oda yake, alinionea huruma tukaongea kama watu. Akaniambia nisiguse mashine za zamani zilizobaki na Windows 7 hata nikipewa nusu bei, kwa sababu Microsoft wanaacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Mwenzangu tuliyesafiri naye alibeba sitini za namna hiyo. Sitasema zaidi, anasoma hapa.

Mwenzake aliyesafiri naye (Lubumbashi)

Nimesoma.

Fils wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mimi sijawahi kuhudhuria, nimewahi kuhudumia. Ni tofauti. Kila mwezi wa sita hapa kwetu kuna DRC Mining Week, pale hoteli ya Karavia, kando ya ziwa. Watu wanasema ni ya migodi, kweli, ila nusu ya kinachoonyeshwa siku hizi ni kazi yetu: programu za kufuatilia malori, droni za kupima lundo la udongo, intaneti ya satelaiti kwa ajili ya kambi za porini. Niliitwa kufunga mtandao wa banda moja. Usiku wa kuamkia ufunguzi nilikuwa chini ya zulia napitisha kebo, swichi ya mtandao nimeificha nyuma ya ua la plastiki, saa nane bado nabana vichwa vya kebo kwa sababu zile walizoleta zilikuwa fupi kwa mita mbili.

Asubuhi, msafara wa wakubwa unakuja, kamera mbele. Bosi wa banda anainua mkono kuonyesha skrini kubwa. Na mashine, ambayo usiku kucha nilikuwa nimeilisha intaneti nzuri, ikaamua ndiyo saa yake ya kujisasisha. Duara linazunguka. Asilimia 3. Bosi alieleza ramani ya malori kwa mikono, hewani, dakika nne. Asilimia 11 walipoondoka.

Tangu siku hiyo, mashine ya maonyesho naikatia intaneti, video iko ndani yake, na nyuma ya ua la plastiki kuna mashine ya pili imewashwa.

Muzee Disketi (Goma)

Kijana, usione haya. Tarehe 20 Aprili 1998, Chicago, kwenye maonyesho ya COMDEX, Bill Gates mwenyewe alikuwa jukwaani kuonyesha Windows 98 kabla haijatoka. Msaidizi akachomeka skana, ili watu waone jinsi mashine inavyoitambua yenyewe. Skrini ikageuka bluu, yaani mashine imekwama. Ukumbi ukaangua kicheko na makofi. Gates akajitania kwamba labda ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Iliuzwa mwezi wa sita hivyohivyo.

Sisi wa zamani, COMDEX ndiyo ilikuwa Maka yetu. Ilianza Las Vegas mwaka 1979, kwa ajili ya wauzaji na mafundi, si kwa ajili ya mpita njia. Sikufika. Nilikuwa nasoma habari zake kwenye magazeti ya Kifaransa ambayo padri mmoja alikuwa ananipa yakiwa yamechelewa miezi. Nilipopata uwezo wa kuweka akiba, mwezi wa kumi na moja 2003 wakafanya ya mwisho.

Dada wa Ibanda (Bukavu)

DjangoCon Africa, Zanzibar, mwezi wa kumi na moja 2023. Ninaandika programu kwa lugha ya Python, na Django, zana yake ya kutengenezea tovuti, ndiyo inayonilisha, kwa hiyo kwangu haikuwa utalii (ingawa bahari niliiona, siwezi kudanganya).

Fundi, ukichagua mikutano ya namna hii, ya waandika programu huria, jua mambo mawili. Mengi yana msaada wa safari kwa wasio na uwezo. Unaomba mapema sana, unaeleza kazi yako bila kujipamba. Na mara nyingi msaada unakurudishia ulichokwisha kutumia. Maana yake utakopa kwanza. Mimi nilimkopa shangazi, na kila siku niliyokuwa kule alinipigia kuuliza kama "wazungu wameshatuma". Weka risiti zote, hata ya bajaji. Na kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani, sisi watoka Kongo tunaulizwa.

Nilivuka mto Ruzizi, Kigali, Dar es Salaam, halafu boti. Jioni ya kwanza mkahawani nikaomba, kwa Kiswahili changu cha Bukavu chenye kujiamini, "mayi ya baridi" (kwetu maji ni mayi). Mhudumu akashangaa kidogo, akauliza: "Ya baridi kweli?" Nikasema kweli, nina kiu. Akaniletea mayai mawili ya kuchemsha yaliyopoa. Nikayala. Ningefanyaje?

Kesho yake nikawasimulia watu chakula cha mchana, meza nzima ikacheka, na hapohapo ndipo nilipofahamiana na wale ninaofanya nao kazi mpaka leo. Nilijiandikisha kwa mazungumzo mafupi ya dakika tano, nikaeleza programu yetu ya kliniki inavyoandika kila kitu kwenye simu kwanza na kusubiri mtandao urudi. Kwa wengine ni ufundi wa ziada, kwetu mtandao kupotea ni kama chakula cha jioni, unajua kitafika. Mtu mmoja wa nyuma akaniuliza: simu mbili zikibadilisha rekodi ya mgonjwa yuleyule zote zikiwa nje ya mtandao, mnaamini ipi? Tulikuwa tunaamini iliyofika mwisho. Akatikisa kichwa tu. Usiku ule sikulala, nilikuwa nahesabu wagonjwa.

Tumeshairekebisha. Sasa zinatunzwa zote mbili, muuguzi anachagua.

Nimebaki Nyumbani (Lubumbashi)

Mimi ni wa FOSDEM, mkutano wa programu huria, Brussels, wikendi moja mwanzoni mwa mwezi wa pili, kwenye chuo cha ULB. Hakuna kiingilio, hakuna hata kujiandikisha, unaingia tu. Bure kabisa! Nikapiga hesabu ya hiyo bure: safari ya kwenda kutoa alama za vidole, hoteli ya kungoja, viza, ndege ya Ulaya, koti. Nikafunga daftari.

Ila wanarusha kila chumba moja kwa moja, na video zinabaki. Wao wako saa moja nyuma yetu majira yale. Nanunua mega za usiku, napakua zile za chumba cha hifadhidata kwa ubora wa chini, mzungumzaji anaonekana kama amemwagiwa uji lakini sauti iko safi. Mwaka wa nne huu. Ninachokosa ni foleni ya kahawa ya Fundi.

Fundi wa Birere (Goma)

Asanteni sana. Nimeanza kuandika. Karatasi ina mstari mmoja: "Dada wa Ibanda aliulizwa swali." Nitaijaza kesho.

Mama Azerti, samahani, zile za herufi za Kiarabu zote ziliisha?

Mama Azerti (Lubumbashi)

Nne ziko kabatini tangu siku hizo. Za nini?

Fundi wa Birere (Goma)

Mjomba wangu anafundisha madrasa hapohapo kwenu, komini ya Kenya. Anaandikia mitihani kwa mkono.

Mama Azerti (Lubumbashi)

Mwambie aje. Adapta ni juu yangu.